Chama chetu kinataka kufungua mgahawa wa franchaizi Minnesota: zinahitajika fedha kiasi gani, na masharti ni yapi?

KibwebweMN aliuliza:

Ndugu wanajamvi, salaam.

Sisi ni chama cha watu watano tunaoishi Brooklyn Park, Minnesota, na vitongoji vya jirani: wauguzi watatu, dereva wa lori mmoja na msimamizi wa ghala mmoja. Wawili wametoka Mombasa, wawili Kisii na mmoja Tanga, na sote tumekwisha kupata uraia wa Marekani. Tumechanga kila mwezi kwa miaka sita, na leo kila mwanachama ana dola 28,000 katika mfuko, yaani jumla ni dola 140,000.

Wengi wetu tumeona tufungue mgahawa kwa njia ya franchaizi, yaani kulipia haki ya kutumia jina na utaratibu wa kampuni nyingine, wa ile aina ambayo Wamarekani huiita fast casual: mteja anapanga foleni kwenye kaunta, anachagua mwenyewe kitakachowekwa kwenye bakuli au mkate wake, chakula kinatayarishwa mbele ya macho yake, hakuna mhudumu wa mezani, lakini bei na ubora vimevizidi vile vya hamburger ya dirishani. Tulianza kwa kuifikiria Chipotle, kwa sababu kila tukipita pale saa za mchana foleni imefika mlangoni.

Tulijaza fomu kwenye tovuti moja, na kesho yake dalali wa franchaizi akatupigia simu. Ametueleza kwamba huduma yake kwetu ni bure, kwamba ada ya kujiunga na chapa anayoipendekeza ni dola 30,000 tu, na kwamba kwa fedha tulizonazo "mmeshafika". Hapo ndipo mmoja wetu aliposema tuwaulize kwanza waliotutangulia. Naomba kujua gharama kamili hadi siku ya kufungua mlango, masharti ya sheria na ya wenye chapa, na kama inawezekana sote watano tukaendelea na kazi zetu huku meneja akiendesha mgahawa.

MpishiMstaafu alijibu:

Ndugu KibwebweMN, nianze na Chipotle ili jambo hilo liishe. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa Denver mwaka 1993, haiuzi franchaizi hapa Marekani. Matawi yake ya huku ni mali yake yenyewe, na mkataba wake wa kwanza wa kumkabidhi mtu mwingine kazi ya kufungua matawi ulitiwa saini mwaka 2023 na kundi la Alshaya, kwa ajili ya nchi za Ghuba. Sweetgreen na CAVA nazo humiliki matawi yao. Panera kwa miaka mingi imekuwa ikiuza haki ya kufungua matawi mengi katika eneo zima, na mtu mwenye fedha za tawi moja hana nafasi hapo. Dalali anaweza pia kuwatajia Chick-fil-A, ingawa haimo katika aina mnayoitaka, kwa kuwa ada yake ni dola 10,000. Mkumbuke basi kwamba jengo na vifaa hubaki vya kampuni, kampuni huchukua asilimia 15 ya mauzo na nusu ya faida inayobaki, na mwendeshaji hutakiwa awe mtu mmoja aliyeacha shughuli nyingine. Hiyo ni kazi yenye malipo mazuri, lakini chama hakina pa kuingilia.

Mnaobaki nao, kwa hiyo, ni chapa za kati na chapa changa. Niliendesha tawi la chapa moja ya sandwichi za moto kwa miaka saba, kusini mwa Minneapolis, na nilitoka bila deni na bila faida ya kujivunia. Ada yangu ya kujiunga ilikuwa dola 30,000, sawa na hiyo mliyotajiwa. Hadi siku niliyofungua mlango nilikuwa nimetumia dola 548,000. Ada ilikuwa sehemu moja kati ya kumi na nane, na dalali hakuwa amenidanganya hata neno moja; aliitaja ile sehemu moja akanyamaza. Huduma yake ni "bure" kwenu kwa sababu analipwa na mwenye chapa siku mnayotia saini.

Fedha nyingi huishia katika ujenzi wa ndani. Fremu niliyopanga ilikuwa duka la simu. Ilikuwa na taa nzuri, sakafu nzuri, choo kimoja, na umeme wa kutosha kuchaji simu. Mgahawa unataka njia tatu za umeme na bomba la gesi lenye kipenyo kikubwa, tena unataka mifereji ya maji machafu chini ya sakafu, kwa hiyo walikuja mafundi wenye msumeno wa zege wakaikata ile sakafu nzuri katikati, wakalaza mabomba, wakaiziba tena. Likafuata tangi la kunasia mafuta ili yasiingie kwenye mfereji wa mji. Kofia ya kutolea moshi juu ya jiko nayo haifungwi peke yake: hewa inayotolewa nje ni lazima irudishiwe hewa nyingine, na katika Januari ya Minnesota hewa hiyo ni lazima ipashwe moto kabla haijaingia, la sivyo wateja watakula wakiwa na makoti. Mtambo huo wa juu ya paa ulinigharimu zaidi ya ada yote ya kujiunga.

Kuna tozo moja ambayo wageni katika eneo la Miji Pacha (Minneapolis na Saint Paul) hawaijui hadi wanapopewa ankara. Metropolitan Council, baraza la eneo hilo zima, hutoza fedha za nafasi katika mfumo wa maji taka, wenyeji huiita SAC, kila jengo linapobadilishwa kutoka matumizi ya maji kidogo kwenda matumizi ya maji mengi. Kwa miaka kadhaa kiwango kilikuwa dola 2,485 kwa yuniti moja, ambayo ni kipimo cha maji taka yanayotarajiwa kutoka katika jengo. Mimi nilihesabiwa yuniti tano juu ya zile ambazo duka la simu lilikuwa nazo, ikawa dola 12,425, na zililipwa kabla ya kibali cha ujenzi kutoka. Kama fremu ilikuwa mgahawa tangu zamani, yuniti zake za awali huhesabiwa kwa faida yenu. Kwa sababu hiyo peke yake ningewashauri msipange kamwe fremu ambayo haijawahi kuwa na jiko.

Michoro ya jikoni hupelekwa kwa mamlaka ya afya angalau siku 30 kabla ya ujenzi kuanza. Ni lazima pia awepo mtu mwenye cheti cha msimamizi wa usalama wa chakula, ambacho hupatikana kwa kozi na mtihani, kisha maombi kwa Idara ya Afya ya jimbo, na hudumu miaka mitatu. Hilo ni jepesi. Mimi nilikwama kwenye sinki. Sheria inataka sinki la vyumba vitatu la kuoshea vyombo, sinki la kudekia, na sinki la kunawia mikono ambalo halifanyi kazi nyingine yoyote. Siku ya ukaguzi wa mwisho, kijana mmoja alikuwa ameweka ndoo ya vitunguu ndani ya lile la mikono. Mkaguzi aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akafunga jalada lake. Alirudi baada ya siku tisa. Siku hizo tisa pango lilikuwa likihesabiwa, kwa sababu mkataba wangu ulisema pango linaanza siku ya 120 tangu saini, niwe nimefungua au sijafungua.

DaftariLaHesabu alijibu:

Nimefanya kazi ya uhasibu wa migahawa kwa muda mrefu, na ningependa kuongeza kinachotokea baada ya mlango kufunguliwa, maana huko ndiko vyama vingi huzama.

Mwenye chapa atawapa hati ya ufichuzi, inayoeleza gharama na masharti ya franchaizi yake, ambayo kila mtu huiita FDD. Kipengele cha 7 kina jedwali la uwekezaji wa mwanzo, lenye kiwango cha chini na cha juu. Watu husoma kiwango cha chini, wakafurahi. Nendeni kwenye mstari wa karibu na mwisho, ule wa fedha za ziada za kuendeshea biashara, muone umeandikiwa muda gani. Mara nyingi ni miezi mitatu, kwa sababu sheria haidai zaidi ya hapo. Mgahawa mpya hauanzi kujilipa mwezi wa nne kwa kuwa jedwali limeishia mwezi wa tatu. Mimi huwaambia wateja wangu waweke ya miezi tisa, na kwa mgahawa unaofunguliwa kati ya Novemba na Februari huwaambia mwaka mzima.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mmekopa dola 400,000 juu ya zile 140,000 zenu, na mgahawa unauza dola 18,000 kwa wiki, yaani dola 936,000 kwa mwaka. Mrabaha wa asilimia 6 ni dola 56,160, na mchango wa matangazo wa asilimia 4 ni dola 37,440. Vyote viwili hukatwa kwenye mauzo ghafi, na mwenye chapa huchukua chake hata kama ninyi mmekula hasara. Vyakula na vifungashio asilimia 30, mishahara na makato yake asilimia 30, pango pamoja na kodi ya jengo, bima yake na matunzo ya maegesho asilimia 10, kisha umeme, gesi, bima yenu, ada za kadi, matengenezo na mengineyo asilimia 12. Inabaki asilimia 8, ambayo ni dola 74,880.

Mkopo wa miaka kumi kwa riba ya asilimia 10.5 unadai dola 5,397 kila mwezi, au dola 64,764 kwa mwaka. Kilichobaki ni dola 10,116, kabla ya kodi ya mapato, na kigawanywe kwa watu watano. Mjue pia kwamba marejesho ya msingi wa mkopo hayahesabiwi kuwa gharama mbele ya mamlaka ya kodi, hivyo mnaweza kudaiwa kodi ya faida ambayo mmekwisha kuipeleka benki.

Ninazo shaka mbili juu ya mfano wangu mwenyewe. Asilimia 30 ya mishahara inafikika mahali ambapo mmiliki yuko kaunta. Kwa meneja wa kuajiriwa huwa inapanda. Minnesota, tofauti na majimbo mengi, hairuhusu bakshishi ihesabiwe kuwa sehemu ya kima cha chini cha mshahara, na kima hicho kilikuwa dola 11.13 kwa saa mwaka 2025, na zaidi ya hapo ndani ya Minneapolis. Ongezeni saa moja ya likizo ya ugonjwa kwa kila saa 30 za kazi, inayodaiwa tangu Januari 2024, na mchango wa likizo ya familia ulioanza Januari 2026. Shaka ya pili ni programu za kupeleka chakula majumbani. Mipango ya DoorDash kwa migahawa imekuwa asilimia 15, 25 au 30 ya agizo, na mikataba mingi ya franchaizi hutoza mrabaha kwenye bei kamili aliyolipa mteja. Mtoeni huyo, mtoeni yule, halafu mwangalie bakuli la dola 14 limewaachia nini.

KibwebweMN aliandika tena:

Nimewasomea wenzangu majibu haya yote jana usiku kwa simu, na kimya kilikuwa kirefu. Nashukuru sana. Yamezaliwa maswali mawili. Kwanza, tulikuwa tumekubaliana hisa ziwe sawa, kila mtu asilimia 20, na benki imetutajia mkopo unaodhaminiwa na SBA, shirika la serikali ya Marekani la biashara ndogo. Je, hilo lina tatizo? Pili, mwanachama mmoja ana akiba ya uzeeni ya 401(k) na ameambiwa anaweza kuiingiza katika biashara bila kulipa kodi wala faini.

KaraniWaMikataba alijibu:

Mimi si wakili wenu, na mtamhitaji wakili wa franchaizi kabla ya saini yoyote. Nimekaa tu mahali ambapo mikataba hii hupita kila siku.

Kuhusu hisa, mmesimama juu ya mstari wenyewe. Kwa mkopo wa SBA wa aina ya 7(a), ambao ukomo wake ni dola milioni 5, kila mwenye asilimia 20 au zaidi ya umiliki ni lazima aweke dhamana binafsi, bila mpaka. Asilimia 20 kamili imo ndani. Kwa hiyo wote watano mtatia saini, na benki ikikosa fedha zake kwenye mgahawa itamfuata yeyote kati yenu kwa deni lote, si kwa sehemu yake moja ya tano, na aghalabu itaanza na mwenye nyumba yenye thamani kubwa kuliko ya wenzake. Sisemi mpunguze hisa ili mkwepe. Nasema kila mke na kila mume wa mwanachama alielewe jambo hili kabla. Mtaji wenu wenyewe kwa biashara mpya unatakiwa uwe angalau asilimia 10 ya gharama za mradi, na hilo mnalo.

Mwenye fremu naye atataka dhamana yake, kwa mkataba wa pango ambao kwa kawaida ni wa miaka kumi. Hapo pana nafasi ya kujadiliana. Ombeni dhamana inayokoma baada ya miaka mitatu ya malipo mazuri, au inayobana miezi kumi na miwili tu ya pango. Wenye majengo hukubali mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila hawatoi kwa asiyeomba.

Akiba ya uzeeni inaweza kuingizwa kwa utaratibu uitwao ROBS, na si haramu, lakini IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, yenyewe imeueleza kuwa wa kutiliwa shaka. Unadai kampuni ya muundo wa C (inayolipa kodi yake yenyewe, mbali na wenye hisa), mpango wa uzeeni ulio wazi kwa wafanyakazi wote wanaostahili, na tathmini ya thamani. Mgahawa ukifungwa, uzee wa mtu umefungwa nao. Mimi nisingemruhusu ndugu yangu.

Tangu mwaka 1979 kanuni ya Federal Trade Commission, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara, inamtaka muuzaji wa franchaizi atoe hati ya ufichuzi, na kwa kanuni ya sasa awape siku 14 kamili kabla hamjatia saini wala kulipa chochote. Ina vipengele 23. Watu wengi hudhani serikali ya Marekani imekwisha kuikagua, haijaikagua. Minnesota ni miongoni mwa majimbo yanayodai chapa isajiliwe kwanza na Idara ya Biashara ya jimbo ndipo iuzwe, na sheria yake huwalinda pia baadaye: isipokuwa kwa sababu chache, mwenye chapa hawezi kuvunja mkataba bila notisi ya siku 90 na siku 60 za kurekebisha kosa. Kesi ziko kipengele cha 3, na kipengele cha 12 kitawaambia kama mnalindiwa eneo lolote au tawi jingine linaweza kufunguliwa ng'ambo ya barabara. Kipengele cha 8 msikisome kwa haraka, maana ndicho kinachosema mtanunua mkate, nyama na karatasi kwa nani. Quiznos, chapa ya sandwichi, ilikuwa na matawi zaidi ya 4,000 katika siku zake nzuri. Waendeshaji wake walikwenda mahakamani wakidai wanalazimishwa kununua bidhaa kwa bei ya juu kutoka kampuni iliyo chini ya mwenye chapa, na mwaka 2014 ilipoomba kinga ya mufilisi yalikuwa yamebaki takriban nusu.

Swali la kuendelea na kazi zenu halijajibiwa. Mikataba mingi inadai mmiliki mmoja anayetajwa kwa jina, mwenye hisa, awe dukani muda wote wa kazi, na huyo ndiye atakayekwenda mafunzo kwa wiki kadhaa. Nauli, hoteli na mshahara alioupoteza havimo katika ada.

MpishiMstaafu alijibu:

Kwa kuwa mna dola 140,000, ningetafuta tawi linalouzwa na mwenye nalo, ambalo tayari lina jiko, kofia ya moshi, tangi la mafuta na yuniti za SAC. Vitabu vyake vya miaka mitatu mtaviona, na taarifa za benki mtazilinganisha na za kodi. Mwenye chapa atatoza ada ya uhamisho, na huenda akadai samani zibadilishwe. Ulizeni hilo kwa maandishi kabla ya kukubaliana bei.

Na kipengele cha 20 mkitumie. Kimeambatana na majina na simu za wenye matawi wa sasa na za wale walioondoka katika mwaka uliopita. Gawaneni orodha, kila mwanachama watu sita, mwanzie na walioondoka. Msiulize kama wanafaidi, maana hakuna atakayewaambia. Ulizeni mauzo ya wiki mbaya kuliko zote za mwaka wa kwanza, ulizeni ni mwezi wa ngapi walipojilipa mshahara wa kwanza, na ulizeni kama wangetia saini tena. Kwa wale ambao bado wako kazini, pigeni simu kati ya saa nane na saa kumi mchana, siku ya Jumanne au Jumatano. Foleni ya mchana imekwisha, ya jioni haijaanza, na mtu amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko akinywa soda. Hapo atazungumza.